Kazi ya biokemia: kumpa mwenzako daftari anakili si kumsaidia

KISANGANI, Tshopo – Umeme unapokatika jioni mjini Kisangani, wanafunzi wengi hawaendi kulala. Wanatafuta penye mwanga: mbele ya duka la dawa lenye sola, kando ya kijana anayechaji telefoni za watu kwa jenereta, au barazani kwa mzazi ambaye bado ana mafuta kwenye taa. Wanakaa juu ya matofali, kwenye viti vya plastiki, wengine juu ya pikipiki iliyozimwa. Madaftari yanatoka. Na mitihani inapokaribia, kuna somo linalorudi kila mara katika vikundi hivyo, iwe Makiso, Kabondo au Mangobo: biokemia, hasa sura ile ya kemikali zenye nguvu nyingi.

Swali lenyewe ni fupi. Mwalimu anataja kemikali 5 zenye fosfati. Anataka mwanafunzi azipange kwa kiasi cha nguvu inayotoka fosfati inapokatwa kwa maji, kisha aeleze sababu. Wanafunzi wanane wanakaa chini na swali hilo. Baada ya nusu saa mmoja amelimaliza. Dakika 10 baadaye wote wanane wamelimaliza, kwa kuwa saba wamenakili. Wanaagana kwa furaha, na kesho kila mmoja atasema kwamba walisaidiana.

Hawakusaidiana. Mmoja alifanya kazi, saba walibeba karatasi. Mjini humu kuna mazoea ya kusifu jambo hili kama undugu, na anayekataa kutoa daftari lake huitwa mchoyo. Lakini msaada wa namna hiyo unamwacha mwenzako pale pale ulipomkuta. Inafaa jambo hili lisemwe wazi sasa, wakati vijana waliokimbia makwao wanaingia katika vikundi hivyo hivyo, wengine wakiwa hawana hata daftari moja.

Jibu linalozunguka kutoka mkono hadi mkono huwa hivi. Juu kabisa iko fosfoenolpiruvati, kilojuli 61,9 kwa kila moli. Inafuata bisfosfogliserati-1,3 yenye 49,4. Kisha kreatini fosfati yenye 43,1. Kisha ATP yenye 30,5. Chini kabisa ni glukozi-6-fosfati yenye 13,8. Namba hizo ni sahihi, ziko vitabuni, na mtu anaweza kuzikariri usiku mmoja kama namba za telefoni. Ila muulize aliyenakili: kwa nini ATP, ambayo kila mwalimu anaiita pesa ya mwili, iko karibu na chini na si juu? Hapo kimya kinaingia.

ATP iko hapo kwa sababu kazi yake ni kupokea na kutoa. Zile tatu zilizo juu yake zinaweza kuipa ADP fosfati, ikawa ATP. Nayo ATP inaweza kuipa fosfati glukozi, iliyo chini. Fosfati inashuka kama maji ya mto, haipandi yenyewe. Mtu anayebeba gunia la makaa kutoka ufukweni na kupanda nalo hadi barabarani, sekunde zake za kwanza anatumia ATP iliyoko tayari ndani ya misuli, na kreatini fosfati inairudishia haraka haraka. Baada ya sekunde kama 10 akiba hiyo imepungua sana, na mwili unategemea sukari, mafuta na hewa. Mtu mzima ana ATP kidogo mwilini wakati wowote, chini ya robo kilo. Lakini kwa siku moja anaitengeneza na kuitumia tena na tena, hata jumla yake inakaribia uzito wake mwenyewe.

Mfano wa pesa unasaidia ukielezwa na mtu anayeenda sokoni. Mama anayeuza mandazi saa kumi na mbili asubuhi hawezi kumrudishia pesa mtu aliyemletea noti ya franka 20.000. Glukozi ni noti hiyo kubwa. ATP ni noti za franka 500 na 1.000, zinazolipia mambo madogo madogo yasiyoisha: msuli ukaze, neva ipeleke habari, chembe isukume chumvi nje. Mwili unaivunja noti kubwa hatua kwa hatua ili usipoteze kitu njiani, ingawa sehemu kubwa inapotea kama joto hata hivyo.

Kuna kosa moja ambalo linatembea na madaftari kuliko namba zote. Wanafunzi wanaandika kwamba nguvu imefichwa ndani ya kiungo cha fosfati, na kwamba ukikikata inaruka nje. Si kweli. Kukata kiungo chochote cha kemia kunagharimu nguvu. Jina lenyewe ndilo linalochanganya watu. Mwaka 1941 mwanasayansi Fritz Lipmann alieleza jinsi fosfati inavyobeba nguvu ndani ya chembe, akaita viungo hivyo viungo vyenye nguvu nyingi na kuvichorea alama ya wimbi. Mwaka 1953 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Hans Krebs. Alama yake ya wimbi bado iko kwenye ubao wa kila darasa, na kila mwaka inawapoteza wanafunzi wapya.

Mara nyingi maneno ndani ya kikundi huwa hivi. Mdogo anauliza: “Yaya, kama kukata kunagharimu, basi hiyo nguvu inatoka wapi?” Kuna mkubwa atakayejibu: “Andika tu, ndivyo profesa anavyotaka.” Na kuna mwingine atakayeweka kalamu chini.

“Ulishapanda pikipiki watatu nyuma ya dereva?”

“Ndiyo yaya, karibu kila siku.”

“Na wote watatu hampendani?”

“Hapo ni taabu.”

“Fosfati tatu za ATP ndivyo zilivyokaa. Zote zina chaji ya hasi, kila moja inamsukuma mwenzake. Sasa wa nyuma akitaka kushuka, lazima pikipiki isimame kwanza na yeye ainue mguu. Hiyo ndiyo gharama. Lakini akishashuka, waliobaki wanapumua, na yeye mwenyewe ananyoosha miguu. Raha yao wote ni kubwa kuliko kazi ya kushuka. Ile tofauti ndiyo nguvu unayoitafuta.”

Mfano huo hausemi yote. Fosfati iliyotoka inatulia pia kwa sababu maji yanaizunguka na elektroni zake zinasambaa vizuri zaidi kuliko ilipokuwa imebanwa, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa lisansi anatakiwa kuyasema hayo mbele ya asistanti. Lakini aliyeelewa pikipiki atayafikia. Aliyenakili hatayafikia kamwe, kwa sababu hajui hata swali lilikuwa nini.

Tena, angalia lugha ya mazungumzo hayo. Somo linatolewa kwa Kifaransa, fotokopi ni za Kifaransa, mtihani ni wa Kifaransa. Maelezo ya kweli yanatolewa kwa Kiswahili au Lingala, usiku, nje. Kuna wakubwa wanaoona haya juu ya jambo hilo, kana kwamba biokemia inapungua heshima ikisemwa kwa lugha ya sokoni. Ni kinyume. Kwa Kifaransa mtu anaweza kurudia sentensi nzima ya profesa bila kuelewa neno. Akiambiwa aeleze kwa lugha ya mama yake, hana pa kujificha.

Ugomvi mwingine wa vikundi ni wa namba: molekuli moja ya glukozi ikichomwa yote kwa oksijeni inatoa ATP ngapi? Mwenye fotokopi aliyorithi kwa kaka yake anasema 38, au 36. Mwenye kitabu kwenye telefoni anasema 30 au 32. Wanakasirikana, na yule mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Hapo ndipo kusaidiana kungekuwa na maana. Vitabu vya zamani vilihesabu ATP 3 kwa kila NADH na 2 kwa kila FADH2. Vipimo vya baadaye vimeshusha hesabu hadi karibu 2,5 na 1,5. Tofauti ya mbili mbili inatokana na njia ambayo NADH ya nje ya mitokondria inatumia kuingiza elektroni zake ndani. Wakikaa pamoja na kufanya hesabu zote mbili kwenye karatasi moja, watajua kwa nini mkubwa wao alipata pointi kwa kuandika 38 na wao wanaweza kuzikosa kwa namba ile ile. Na watamuuliza mwalimu kwa adabu anafuata hesabu ipi, jambo ambalo wengi wanaliogopa bila sababu.

Kuhusu mashine inayotengeneza ATP, mtoto aliyekulia Kisangani hahitaji picha ya kitabu. Anaijua bwawa la mto Tshopo. Maji yanazuiwa upande mmoja, yanapita mahali pamoja tu, yanazungusha mtambo, mji unapata umeme. Ndani ya mitokondria, protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando hadi zinajaa. Zinarudi kwa kupitia kimashine ambacho kinazunguka kwelikweli, na mzunguko huo unaunganisha ADP na fosfati. Peter Mitchell alipendekeza wazo la protoni mwaka 1961, wengi wakalikataa, akapewa Nobel mwaka 1978. Paul Boyer na John Walker walipewa yao mwaka 1997 kwa kuonyesha jinsi kimashine hicho kinavyofanya kazi. Na mtambo wa bwawa ukisimama, kila mkaaji wa Kisangani anajua kinachofuata. Chembe ya mwili nayo ni hivyo hivyo.

Wako walimu wanaosema dawa ni kukataza: kila mmoja afanye kazi yake peke yake nyumbani, na karatasi mbili zikifanana zote zipate sifuri. Hasira yao inaeleweka. Anayesahihisha rundo la karatasi zenye kosa moja, mstari ule ule, hata neno lililokosewa herufi lile lile, ana haki ya kuchoka. Lakini kazi ya peke yake nyumbani inamtaka mtu awe na nyumba yenye mwanga, fotokopi zake mwenyewe, mega za kufungua kitabu kwenye telefoni, na tumbo lisilolia. Wanafunzi wenye vitu hivyo vyote kwa pamoja si wengi. Anayenakili si lazima awe mvivu. Mara nyingi alifika amechelewa kwa sababu alikuwa akiendesha pikipiki ya mtu hadi saa mbili usiku ili apate pesa za masomo. Ukivunja kikundi umemwondolea mwalimu pekee aliyebaki naye.

Dawa iliyo nyepesi zaidi ni kuwaacha wafanye pamoja na kuwauliza mmoja mmoja. Dakika mbili mbele ya ubao, si kwa wote, kwa wachache wanaotajwa bila kujulishwa mapema. Na ndani ya kikundi, sheria iwe moja: aliyemaliza kwanza hatoi karatasi, anafunika daftari na kueleza. Kisha aliyeelezwa anamweleza wa tatu. Yule wa kwanza anabaki akisikiliza, na hapo ndipo anapogundua matundu ya maelezo yake mwenyewe. Hii inachukua saa mbili badala ya dakika 10. Ndiyo, inachosha, hasa mbu wakiwa wengi.

Sasa kuhusu waliokimbia. Tangu mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola upande wa Lubunga umeua watu, umechoma nyumba na kuwavusha maelfu kuja ukingo huu wa mto. Baadaye, vita vya mashariki viliposogea mwaka 2025 na miji ya Goma na Bukavu ikaanguka, familia nyingine nyingi zilihama. Mtu anayekimbia anachukua mtoto, godoro, sufuria. Hachukui daftari la biokemia. Kijana aliyekuwa tawi la biokemia sekondari, au aliyekuwa amekwisha kuanza uuguzi, anajikuta amelala kwa ndugu au darasani na familia 10, na mwaka wake wa masomo uko njia panda.

Si mara ya kwanza vita kukatisha masomo mjini humu. Chuo Kikuu cha Kisangani kilianzishwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963 kwa jina la Chuo Kikuu Huru cha Kongo, na mwaka uliofuata tu uasi wa Simba ukautikisa mji wote. Mwaka 1971 kikaunganishwa na vingine kuwa chuo kimoja cha taifa la Zaire, mwaka 1981 kikasimama peke yake tena. Juni 2000 mabomu ya majeshi mawili ya kigeni yaliangukia mji kwa siku 6. Madarasa yalifunguliwa tena kila mara.

Kijana kama huyo akija kwenye kikundi, watu wanamhurumia na kumpa daftari anakili sura nzima. Ni wema, na kwa kweli anahitaji maandishi hayo. Lakini akiishia hapo atakuwa na karatasi 40 zisizosema naye. Anachokosa zaidi ni wiki sita za maelezo ambayo wenzake waliyasikia na yeye hakuyasikia. Wiki sita haziwezi kunakiliwa. Zinaweza kuelezwa kwa jioni chache, kama kuna mtu mwenye subira. Na mara nyingine yeye ndiye mwenye jambo la kuwaeleza wenzake, kwa sababu sura hii ya biokemia imemfuata hadi kwenye sufuria.

Chakula kinachopatikana kwa haraka kwa familia iliyohama ni unga wa muhogo. Muhogo mchungu una kemikali inayoachia sianidi. Sianidi inafunga hatua ya mwisho kabisa ya kupumua kwa chembe, pale ambapo oksijeni inatumika. Hatua hiyo ikifungwa, protoni hazisukumwi tena, kimashine kinasimama, ATP haitengenezwi. Mwili una njia ya kuiondoa sianidi kidogo kidogo, lakini njia hiyo inataka salfa, na salfa inatoka kwenye vyakula vya protini: samaki, maharage, nyama, viwavi. Mtu anayekula muhogo kila siku bila kitoweo anakosa dawa ile ile anayoihitaji.

Kongo inaujua ugonjwa unaotokana na hali hiyo. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya watu wa Kwango waliopooza miguu ghafla na hawakupona. Wenyewe waliuita konzo, kwa Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na milipuko yake imefuata njaa, ukame na vita, wakati watu wanafupisha siku za kulowesha muhogo. Kusema hivi si kuwatia hofu wakaaji wa Tshopo. Muhogo ulioloweshwa siku 3 au zaidi, ukakaushwa vizuri, umelisha vizazi, na akina mama wanajua hivyo bila kusubiri mwanafunzi. Tatizo ni unga wa kununua ambao hakuna anayejua uliloweshwa siku ngapi.

Kwa unga huo kuna njia ambayo watafiti wa Australia na wa Kongo waliwafundisha wanawake wa vijiji vya Kwango. Unga unawekwa kwenye beseni, unasawazishwa, na alama inatiwa ndani ya beseni pale unapoishia. Maji yanaongezwa huku ukikoroga. Unga unashuka kwanza, kisha unapanda tena. Ukifika kwenye alama, maji yanatosha. Unga huo wenye unyevu unatandazwa kwenye mkeka, unene usizidi sentimita 1, kwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi inaondoka kama gesi. Unapikwa siku hiyo hiyo, usilale. Njia hii haiondoi haja ya kulowesha muhogo wenyewe. Inaongezea tu.

Mama atauliza kwa nini unene uwe sentimita 1, kwa nini usilale, na kwa nini samaki ana kazi katika habari hii. Ni maswali mazuri, na majibu yake yote yamo katika sura ile ile wanayonakiliana wanafunzi. Beseni lipo, mkeka upo, jua lipo. Mtu wa kueleza naye yupo: jioni hii amekaa mbele ya duka la dawa, anangoja mwenzake amalize swali la pili.